Mchongo Usiolipa

Kwa Kiswahili cha hosteli zetu, mchongo ni hela. "Nipe mchongo" maana yake nionyeshe pa kupata chochote: kibarua cha wikiendi, tenda ndogo, semina yenye posho na chakula cha mchana. Lakini kabla neno hili halijahamia kwetu lilikuwa la mafundi. Mchongo ni kazi ya mtu aliyeshika kisu au patasi, akaondoa sehemu ya mti isiyotakiwa ili ibaki inayotakiwa. Makala haya yanahusu mchongo huo wa zamani, na hoja yangu ni moja: mwanachuo anahitaji kazi moja ya mikono isiyomwingizia hata shilingi, na chuo chetu kinaweza kumsaidia kuipata kwa gharama ndogo sana.

Nasoma uhasibu, mwaka wa 3. Kwa miezi 8 sasa, jioni mbili kila wiki, nachonga mbao. Sio vinyago kama vya Mwenge, na sio milango kama ya Unguja. Nachonga nakshi ndogo za kisu kwenye ubao bapa: nyota, maua ya duara, misururu ya pembetatu. Nimeshachonga mfuniko wa kisanduku, mipini ya miiko miwili ya mama, na vibao kadhaa vya kuwekea kikombe cha chai. Kila anayeviona ananiuliza swali lile lile: "Unauza bei gani?" Nikijibu kwamba siuzi, sura inabadilika. Jirani yangu wa chumba cha pili aliniambia, kwa huruma kabisa, "Sasa dada, unajichosha nini?"

Swali lake ni la haki na linastahili jibu. Ila kwanza nieleze kazi yenyewe, maana wengi wakisikia kuchonga wanafikiria gogo, tezo na nguvu za kifua.

Nakshi ya kisu ni kazi ya mezani. Unahitaji kisu kifupi chenye makali yaliyonyooka na bapa gumu lisilopinda, penseli, rula, bikari, na kipande cha ubao kilichopigwa randa. Kile kisu chembamba cha kukatia karatasi hakifai. Kinapinda, na kinaweza kukuvunjikia mkononi. Changu kimetokana na kipande cha msumeno wa kukatia chuma. Fundi mmoja wa Gerezani alikisaga, akakifunga mpini wa mti, basi.

Unaanza kwa kuchora, na hapa ndipo jiometri ya sekondari inapofufuka. Chora duara kwa bikari. Bila kubadili upana wa bikari, weka ncha popote kwenye mzingo wa duara na uchore tao. Hamishia ncha pale tao lilipokata mzingo, chora tena, na endelea hivyo. Ukifika mara ya sita utakuwa umerudi ulikoanzia, na katikati utakuta ua la petali 6 zilizo sawa. Tulikariri wote kwamba upande wa pembesita iliyo ndani ya duara ni sawa na rediasi ya duara hilo. Mimi nilikuwa nayajua hayo kwa ajili ya mtihani. Sasa nayajua kwa sababu ua linatoka.

Kisha unakata. Kisu hakisimami wima, kinainama kiasi cha digrii 65 kutoka usawa wa ubao. Kidole gumba kinabaki kimegusa ubao muda wote, kikiwa nguzo ya mkono mzima. Pembetatu moja ni mikato mitatu, kila mmoja ukiinamia katikati. Mikato ikikutana chini, kipande kinaruka chenyewe kama piramidi ndogo iliyopinduliwa. Petali ni mikato miwili tu, lakini ya kupinda: kisu kinaanza juujuu, kinazama katikati, kinapanda tena kikifika mwisho. Kinachovutia jicho sio mstari bali kivuli. Ukiusogeza ubao karibu na dirisha, kila shimo lina upande mmoja wa mwanga na mwingine wa giza.

Baada ya hapo hakuna msasa. Msasa hupigwa kabla ya kuchora. Ukiupitisha baadaye unaua kingo zote ulizozitolea jasho. Kwa hiyo mkato unabaki kama ulivyokatwa. Kama kisu ni kikali, kuta za shimo zinang'aa bila kupakwa chochote. Kama ni kibutu, nyuzi za mti zinapondeka na kila mtu anaona. Ndiyo maana nusu ya hobi hii ni kunoa: jiwe la kunolea, matone ya maji, kisha kusugua makali kwenye mkanda wa ngozi hadi kisu kikate karatasi bila kuikwangua.

Mbao nazo zina tabia zao. Mbao za paina, zile zinazoshuka Dar kwa malori kutoka Mufindi na Njombe, ni rahisi kupata, lakini zina mistari ya miaka: sehemu laini iliyopauka, kisha mstari mgumu wa kahawia. Kisu kinazama kwenye laini, kikifika kwenye mstari mgumu kinagoma. Mninga ni mzuri wa kutazama ila ni mgumu kwa kisu cha mkono. Mpingo usijaribu, huo ni mti mzito kiasi cha kuzama majini. Mjakaranda ndio rafiki wa mwanafunzi: mwepesi, hauna mistari migumu, na matawi yake hukatwa mara kwa mara pembeni mwa barabara. Nisipoupata huwa naenda Keko kwa mafundi wa fenicha kuomba mabaki. Ukimsalimia mzee vizuri na kumweleza unataka kipande cha kufanyia nini, anakuchagulia mwenyewe.

Sasa nirudi kwa jirani yangu. Najichosha nini?

Jibu la kwanza linahusu namna tunavyosoma. Tangu darasa la kwanza tumejifunza vitu ili tuulizwe. Tukifika chuo tunakuwa mabingwa: tunajua desa la mwaka juzi liko kwa nani, tunapiga msuli wiki mbili za mwisho, tunakwepa sapu, na mwezi unaofuata kichwa ni cheupe. Sisemi hili kwa dharau. Ratiba zetu zinatulazimisha. Lakini mtu anaweza kumaliza digrii bila kuwahi kujifunza kitu polepole, kwa hiari yake, mpaka kikamwingia.

Kuchonga hakuna desa. Huwezi kukesha usiku mmoja ukaamka mkono wako unajua digrii 65. Unafanya pembetatu mia, zinafanana na meno ya mzee. Unafanya mia nyingine, zinaanza kupanga foleni. Wala humsubiri mwalimu asahihishe, kwa sababu ubao unajibu papo hapo. Mikato ikikutana, kipande kinaruka. Isipokutana, kinang'ang'ania pale chini na unajua ni upande upi haujafika. Siku za matokeo kuchelewa kubandikwa, au bumu kuchelewa kuingia, mtu anakuwa na hamu ya kitu kinachojibu kwa haraka namna hiyo. Mimi nilikipata kwenye ubao.

Jibu la pili linahusu macho. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii tunaitumia kwenye hotuba, lakini wangapi wetu tumewahi kuunda kitu ili tujue maana yake? Nichukue kibao changu kimoja cha upana wa kiganja. Kina ua la petali 6, mikato 12. Kati ya petali kuna pembetatu 6, mikato 18. Ukingoni kuna msururu wa pembetatu 36, mikato 108. Jumla ni mikato 138, kwenye kitu unachokifunika kwa mkono mmoja.

Ukishajua hesabu hiyo, huwezi kupita Mji Mkongwe wa Zanzibar kama ulivyopita ukiwa na ziara ya shule. Mji ule uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu uliingia mwaka 2001. Katika miji yote miwili, milango ni sehemu kubwa ya kinachowavuta watu. Mingi imechongwa kwa patasi na nyundo, kazi nyingine kabisa na hii ya kisu. Lakini tazama mfaa, ule mti wa katikati ambapo pande mbili za mlango hukutana, uone maua ya duara yaliyopangwa kutoka juu hadi chini. Nenda kaskazini zaidi, kwenye ile milango ya visiwa vya Lamu inayoitwa ya mtindo wa Kibajuni. Huko utakuta nyota na maua ya jiometri yaliyochongwa kwa kumegua vijipande vidogo vidogo, kanuni ile ile ninayoifanya mimi mezani. Ua lile lile la petali 6 lipo pia kwenye masanduku ya kale ya wakulima wa Friesland, Uholanzi. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwingine. Mtu yeyote mwenye bikari na uvumilivu atalifikia ua hilo akiwa popote.

Hapa ndipo naogopa ninapoona tunavyonunua. Tunaingia Mwenge, tunashika kitu, fundi anataja elfu 40, tunacheka na kusema elfu 12. Asiyejua kazi hawezi kujua bei. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika kisu, mchongo wa siku nne na mchongo wa mashine vinafanana. Kwa hiyo analipa bei ya mashine, na fundi wa siku nne anaacha kufanya kazi ya siku nne. Anahamia kwenye twiga na tembo wanaotoka haraka kwa watalii. Simlaumu, ana kodi ya nyumba na ada za watoto. Sisi tunaokuja kuwa maofisa manunuzi, wahandisi, walimu, wenye nyumba na wenye hoteli ndio tutakaoamua kama atakuwepo mtu wa kulipia kazi nzuri. Hobi isiyolipa inaweza kumfaa fundi wa kweli kwa njia hiyo, kwa kumtengenezea mteja anayeona.

Ndiyo sababu pia siuzi. Siku nikitundika bei, nitaingia kwenye soko la mtu anayekula kwa kazi hii, nikiwa na kazi duni na bei ya kutupa, kwa sababu mimi kodi yangu analipa mzazi na Bodi ya Mikopo. Na nikishakuwa na bei, nitaanza kuchonga kile kinachotoka haraka. Sasa hivi naweza kukaa wiki tatu na msururu mmoja unaonishinda, na hakuna mteja wa kunipigia simu.

Najua pingamizi kubwa. Mtu atasema: haya ni maneno ya aliyeshiba. Sisi tunakopa elfu mbili ya chipsi, nyumbani wanatusubiri, ajira hakuna, halafu unatuambia tujifunze kitu kisicho na faida? Pingamizi hili nalichukua kwa uzito. Anayeuza juisi hosteli ili alipe ada, aendelee, na Mungu ambariki. Simwambii aache kikapu chake akachonge nyota. Ninachokipinga ni ile imani iliyotuingia kwamba kila saa isiyo na faida ni saa iliyopotea. Imani hiyo haijatuongezea kazi. Imetuongezea aibu. Mtu akipenda kuimba, anaulizwa lini anatoa wimbo. Akipika vizuri, afungue mgahawa. Akichora, aanze kuchapa fulana. Mwishowe kile alichokipenda kinakuwa deni jingine, na anaporudi chumbani jioni hana pa kupumzikia isipokuwa kwenye simu. Na simu hatuiulizi inalipa kiasi gani! Saa zinazokwenda huko hakuna anayezipigia hesabu.

Wazo kwamba kazi za mikono ni za kumjenga mtu, si za kumpa ajira tu, sikulitunga mimi. Huko Ufini, kazi za mikono ziliingizwa kisheria katika elimu ya msingi mwaka 1866, zikisukumwa na Uno Cygnaeus. Mwishoni mwa karne ya 19, Otto Salomon alikuwa akiwafundisha walimu kutoka nchi nyingi pale Nääs, Uswidi, jinsi ya kutumia kisu na mbao darasani. Salomon alisisitiza kwamba lengo halikuwa kuzalisha maseremala. Lengo lilikuwa mtoto ajifunze kuwa makini, kujitegemea, na kuiheshimu kazi ya mwili.

Nasi tuna ya kwetu. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 ililalamikia shule zinazomtenga msomi na jamii yake na kumfanya aone kwamba elimu ni ile ya vitabuni tu. Na leo Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Naunga mkono. Ila naona hatari moja: amali ikiwa ni ya wale watakaoajiriwa nayo tu, sisi wengine tutaendelea kuamini kwamba mikono ni ya mtu mwingine. Wadogo zetu wa mkondo wa amali watakuja kuwa mafundi wenye vyeti, na watakutana na mabosi, yaani sisi, ambao hatujui tofauti ya randa na patasi. Wahenga walisema kwenye miti hakuna wajenzi. Kwenye vyuo navyo kuna karakana zisizo na watu.

Hilo si fumbo. Karakana ipo hapa hapa chuoni. Ina meza imara, taa nzuri na feni. Wanafunzi wa uhandisi wanaitumia kwa vipindi vyao, na ikifika saa 10 jioni inafungwa. Sisi wa uhasibu, sheria, elimu na uuguzi hatuna ruhusa ya kuingia hata kuchungulia. Naelewa kwamba kuna mashine za hatari mle. Hatuziombi mashine. Tunaomba meza na taa.

Kwa hiyo napendekeza kwa serikali yetu ya wanafunzi: mwandike barua ya kuomba karakana ifunguliwe Jumatano na Jumamosi, saa 10 hadi saa 1 jioni, chini ya usimamizi wa fundi wa karakana, kwa wanafunzi wa kozi zote. Tuanze na watu 10. Kwa makadirio yangu: visu 10 vya kutengenezwa kwa shilingi 8,000 kila kimoja, 80,000. Mawe 3 ya kunolea kwa 15,000, 45,000. Bikari 5 kwa 3,000, 15,000. Mkanda wa ngozi wa mtumba, 5,000. Plasta na dawa ya vidonda, 15,000. Jumla ni shilingi 160,000, na vifaa vinabaki kwa wanaokuja mwakani. Mbao tutaomba mabaki. Posho ya fundi wa karakana nayo iwekwe wazi, kwa sababu makala yanayodai thamani ya kazi za mafundi hayawezi kumtaka fundi abaki jioni bure. Ukijumlisha yote, bado hatujafika bajeti ya spika, jukwaa na MC wa bashi moja la kuwakaribisha mwaka wa kwanza.

Usalama una kanuni chache, na zinafundishika kwa dakika kumi. Mkono usioshika kisu usikae mbele ya makali. Kisu kikali ni salama kuliko kibutu, kwa sababu kibutu kinataka nguvu, na nguvu ndizo zinazoteleza. Mtu akichoka, aache. Usingizi na kisu haviendani.

Nami naahidi sehemu yangu. Barua hiyo ikipita, nitakuwepo kila Jumatano kumwonyesha anayeanza namna ya kunoa na kukata pembetatu zake mia za kwanza. Sitakuwa na cheti cha kumpa, wala alama, wala posho ya kuhudhuria. Njoo na penseli, na kipande cha ubao ukikipata. Ukishachonga kitu, mpe mama, mpe mpenzi, weka dirishani. Na mtu akikuuliza unauza bei gani, mhesabie mikato.